Maporomoko ya kwenda na watoto kutoka Tanga mjini: Zigi au Soni?

Mama wa Chumbageni
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunakusudia kuwatoa watoto wetu watatu, mkubwa ana miaka 11 na mdogo miaka 4, waende siku moja kuona maporomoko ya maji ya milimani na, ikiwezekana, waogelee, kwani bahari ya Raskazone wameshaizoea. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, atafuatana nasi. Gari letu ni dogo. Tumebaki na mawazo mawili: Zigi, kwenye hifadhi ya Amani, au Soni, njia ya Lushoto. Naomba mnilinganishie.

Mwalimu wa Muheza
Wa aleikum salaam, dada. Mimi nasema Zigi, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu wengi hupapita mbio wakielekea Amani juu. Lami inakufikisha Muheza. Kutoka hapo ni kilomita 25 hivi za barabara ya udongo mpaka lango la hifadhi, kwenye kituo cha zamani cha reli ndogo ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Tengeni. Hapo mtalipa kiingilio na kupata mwongozaji. Mwambieni mapema kwamba mna mtoto wa miaka 4 na mama mtu mzima, ili awachagulie kipande kifupi kando ya mto, kwa maana Zigi iko mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari na Amani iko karibu mita 900, na mwendo wa kupanda tofauti hiyo kwa miguu haumfai mgonjwa wa magoti. Maporomoko ya Derema waachieni siku watoto watakapokuwa wakubwa.

Waonyesheni watoto, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda vyunguni madirishani. Asili yake ni milima hii yetu; jina lake la kitaalamu lililozoeleka, Saintpaulia, linatokana na ofisa wa Kijerumani, Saint Paul-Illaire, aliyelikuta katika Usambara mwaka 1892. Lisichumwe hata moja.

Mzee wa Bumbuli
Binti yangu, Soni ni kwetu na ninaipenda, lakini sitakudanganya. Maporomoko yake yapo kando kabisa ya barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kwa hiyo mama mkwe atayaona vizuri bila kusumbua magoti, na hilo ni jambo kubwa. Kuogelea ni habari nyingine. Maji yale yamepita kwenye mashamba ya mboga na kandokando ya mji kabla ya kuanguka, na kushuka hadi chini ni kushika mawe yenye utelezi. Soni ni ya kutazama, kupiga picha, kununua matunda sokoni, kisha kuendelea Lushoto.

Mkazi wa Ngamiani
Naomba kutofautiana kidogo na Mwalimu. Barabara ya Soni ni ya lami mwanzo hadi mwisho, ingawa safari ni ndefu zaidi, wakati ile ya Muheza, masika yakishachanganya, gari dogo linaweza kukwama mkalala njiani.

Nina jambo jingine zito zaidi. Mwaka juzi tulikuwa kwenye kijito cha milimani, jua linawaka, watoto wamo majini hadi kiunoni. Shemeji yangu aliona maji yanabadilika rangi na vijiti vinaanza kuelea, akapiga kelele. Tuliwatoa wote, na muda mfupi baadaye jiwe tulilokuwa tumewekea vyakula lilifunikwa. Mvua ilikuwa imenyesha juu kabisa ya mlima, sisi hatukusikia hata ngurumo. Tangu siku ile, mtu mzima mmoja haingii majini. Kazi yake ni kutazama upande yanakotoka maji.

Muuguzi mstaafu, Pongwe
Naongeza kuhusu kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotuama au yaendayo taratibu penye majani, kwa hiyo maji ya kasi yana hatari ndogo kuliko vidimbwi vya pembeni ambavyo watoto huvikimbilia. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea, maana vijidudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Mtoto akianza kukojoa damu hata baada ya miezi, apelekwe kituo cha afya; dawa yake, prazikwanteli, ipo. Tena, wasiogelee chini ya maji yanapoangukia, kwa sababu mzunguko wa pale humvuta hata mtu mzima chini.

Mama wa Chumbageni
Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee wa Bumbuli. Tumeamua Zigi, lakini mwezi wa Februari, vuli ikiwa imekwisha na masika hayajaanza, ili hoja ya barabara iwe imejibiwa. Mume wangu atakuwa mlinzi wa maji. Watoto watavaa raba badala ya kandambili, na mdogo ataishia maji ya magotini, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Mama mkwe atakaa kwenye mkeka karibu na kituo cha zamani.

Mwalimu wa Muheza
Vema, dada. Ombi moja tu: msioge kwa sabuni mtoni. Mto huo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji hayo mnayanywa huko Chumbageni.