Ushauri: Mwigizaji mkuu wa tamthilia yetu ya vichekesho amefariki, tuendelee au tufunge?

Mwandishi_wa_Zamu (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi, nahitaji mawazo yenu, hasa mliowahi kuandika au kuongoza vipindi vya runinga.

Mimi ni mmoja wa waandishi wa tamthilia ya vichekesho inayorushwa kila wiki. Hadithi ni ya nyumba moja: baba mstaafu ambaye hakuna jambo linalopita bila yeye kulipinga, mama anayemwacha aseme weee mpaka achoke kisha anafanya analotaka, watoto watu wazima waliorudi kujibanza kwa wazazi, na mpangaji ambaye kodi yake haifiki kwa wakati. Mzee aliyecheza nafasi ya baba amefariki ghafla, msimu wa pili ukiwa katikati. Zipo sehemu tulizorekodi naye ambazo hazijarushwa, na nyingine bado ziko kwenye karatasi.

Tulimpenda mzee huyu. Alikuwa anafika seti kabla ya watu wa taa, na ndiye aliyewafundisha vijana wetu kungoja kicheko kipungue ndipo waseme mstari unaofuata. Tangu azikwe tumejaribu kukutana kusoma skripti, tukashindwa.

Kituo kinataka kujua kama tunaendelea, na sisi tumegawanyika. Prodyuza anataka aletwe mwigizaji mwingine avae nafasi ileile. Mwongozaji anasema tuseme baba kasafiri, tumalize msimu, mengine yatafuata. Dada anayecheza nafasi ya mama anaona afadhali tufunge kuliko kumchezea marehemu. Mimi nahisi hadithi bado ipo, ila nina hofu kwamba ninachokitetea ni ajira yangu na ya wenzangu. Je, vichekesho vinaweza kusimama baada ya mchekeshaji wake mkuu kuondoka? Nani ameona ikifanyika ikafaa?

Kalamu_Kavu

Pole sana ndugu, wewe na kundi zima. Mungu ampumzishe kwa amani.

Imefanyika mara nyingi na matokeo hayafanani. Iliyo karibu kabisa na yenu ni 8 Simple Rules ya Marekani, iliyorushwa na ABC. John Ritter alicheza baba wa watoto watatu. Tarehe 11 Septemba 2003 aliugua akiwa kazini kwenye seti, akafariki usiku uleule kwa kuchanika mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo. Alikuwa na miaka 54. Sehemu tatu za msimu wa pili zilikuwa tayari. Zikarushwa, na Katey Sagal, aliyecheza mama, akawa anazungumza na watazamaji kabla hazijaanza. Kipindi kikapumzika kidogo, halafu Novemba kikarudi na sehemu ya saa nzima ambamo familia inapata habari kwamba baba ameanguka dukani alikokwenda kununua maziwa.

Angalia waandishi walivyofanya hapo. Binti mkubwa anateseka kwa sababu neno la mwisho alilomwambia baba yake ni kwamba anamchukia. Binti wa umri ule hulitoa neno hilo kila akinyimwa ruhusa ya kutoka, na kabla ya msiba lingekuwa kichekesho cha kawaida kabisa cha nyumba ile. Msiba umewakuta wahusika walewale, wenye midomo ileile. Kwa hiyo mtazamaji analia na watu anaowafahamu.

Baadaye wakamwingiza James Garner kama babu mzaa mama, na David Spade kama mpwa wa mama. Kipindi kilikwenda mpaka 2005, msimu wa tatu ukawa wa mwisho. Ukiniuliza kama kilirudia nguvu ya mwanzo, nitakwambia hapana. Ukiniuliza kama kilimdhalilisha Ritter, nitakwambia hapana vilevile.

Mama_Sebule

Mimi si mwandishi, ni mtazamaji. Hiyo ya "baba kasafiri" naomba muiache. Habari ya msiba tumeisikia, wengine tumelia. Sasa mama akitokea kwenye runinga anasema "subirini baba yenu arudi", mimi nitakuwa najua harudi, na nyie mnajua kuwa najua. Siwezi kucheka hapo. Nitazima.

Fundi_Mkasi

Mama Sebule amesema kweli, na yalishawakuta waliotangulia. Chico and the Man ya NBC ilikuwa ya watu wawili: mzee mwenye gereji na kijana anayeitwa Chico, aliyechezwa na Freddie Prinze. Prinze alifariki Januari 1977 akiwa na miaka 22 tu. Wakaendelea, wakamleta mtoto wa kiume kujaza pengo, na mwanzoni wakasema Chico ameondoka, yuko kwa baba yake. Mwishowe ilibidi waandike kwamba amekufa. Mwaka 1978 kipindi kikafungwa. Hata kama wangesema ukweli siku ya kwanza, sidhani kama kingefika mbali, maana kichekesho chote kilikuwa ni ubishi wa wale wawili. Lakini uongo uliwaongezea mzigo.

Mimi kazi yangu ni kuhariri picha, kwa hiyo niseme la upande wangu. Sehemu mlizokwisha kurekodi rusheni, ila familia yake izione kwanza na ikubali. Wekeni jina lake mwanzoni, mwigizaji mmoja aseme maneno machache, basi. Kabla ya hapo mtu mmoja apitie kila mstari unaotaja kifo, ugonjwa au mirathi. Baba mbishi wa vichekesho lazima kuna mahali amesema "mtanikumbuka nikifa". Mstari huo kabla ya msiba ulikuwa wa kuchekesha, sasa utawachoma watoto wake. Mnaweza kuukata au kuubakiza, ila mjue upo, msiukute hewani. Na pangeni upya mfuatano kama hadithi inaruhusu, ili sehemu yake ya mwisho iwe ile aliyocheza akiwa kwenye kilele chake.

Kizazi_Kipya

Kwa nini mnahangaika? Siku hizi kompyuta inatengeneza sura na sauti ya mtu. Mnazo saa nyingi za picha zake. Malizieni msimu hivyo hivyo.

Mwandishi_wa_Zamu

Ndugu Kizazi Kipya, nashukuru kwa wazo, lakini hili hapana. Mjane wake ameshatuambia wajukuu wanatazama kipindi ili kumwona babu. Siwezi kuwawekea maneno ambayo babu yao hakuyasema. Tena mzee alikuwa anabadilisha mistari yangu palepale, na mara nyingi mstari wake ulikuwa bora kuliko niliouandika. Hicho ndicho kilichotuondokea, na kompyuta haina.

Mzee_Pazia

Nimekaa jukwaani muda mrefu, nami nitasema ambalo wengi hamtalipenda. Fungeni.

Papa Shirandula ya Kenya wote tunaifahamu. Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, kipindi kiliishia pale, baada ya zaidi ya miaka kumi hewani Citizen TV. Mliokipenda mnajua ndani yake kulikuwa na waigizaji wengine hodari sana, wenye mashabiki wao. Lakini jina la kipindi lilikuwa jina la mhusika wake, na kila mtu mle alikuwa anamzunguka yeye. Ungemwita nani Papa Shirandula kesho yake?

Marekani mwaka 1991 Redd Foxx alianguka kwenye mazoezi ya The Royal Family, kipindi kikiwa ndiyo kwanza kimeanza. Zamani, kwenye Sanford and Son, alikuwa na mchezo wake maarufu wa kujifanya moyo umemshika, basi siku ile wenzake wakadhani anatania. Akafariki. Wakamleta Jackée Harry, wakajikongoja, na mwaka 1992 kikaisha. Della Reese, aliyecheza mke wake, alikuwa msanii mkubwa kwa haki yake. Haikusaidia.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba baba ndiye hulipinga kila jambo. Hiyo ndiyo injini. Gari bila injini unalisukuma mpaka wapi?

Kalamu_Kavu

Mzee Pazia, shikamoo. Kuhusu Papa Shirandula sina ubishi nawe. Ila nakuomba uangalie upande wa pili.

Only Fools and Horses ya Uingereza: Lennard Pearce, aliyecheza babu, alifariki Desemba 1984 wakati msimu wa nne unarekodiwa. Likatolewa wazo la kumtafuta mtu mwingine acheze babu yuleyule. Mwandishi, John Sullivan, akaona si heshima. Akaandika mazishi. Na kwenye mazishi hayo wajukuu wawili wanadondosha kofia kaburini kama kumbukumbu ya babu yao, kumbe ni kofia ya mchungaji. Watazamaji wakacheka wakati machozi bado yako machoni. Palepale akamleta Albert, kaka wa marehemu, baharia mstaafu mwenye hadithi ndefu zisizoisha, mtu tofauti kabisa na babu. Miaka kumi na miwili baadaye, Krismasi ya 1996, sehemu moja ya kipindi hicho ilitazamwa na watu milioni 24.3.

Cheers nayo, ile ya Marekani ya watu wa baa moja. Nicholas Colasanto, aliyecheza mhudumu wa baa anayeitwa Coach, alifariki mwanzoni mwa 1985. Akaja Woody Harrelson, kijana wa shamba, mhusika mpya mwenye jina lake mwenyewe, na kipindi kikadumu mpaka 1993. Kwenye chumba chake cha kuvalia Colasanto alikuwa na picha ya Geronimo, kiongozi wa zamani wa Waapache. Wenzake wakaitundika kwenye ukuta wa baa, ndani ya seti, ikakaa hapo miaka yote. Sehemu ya mwisho kabisa Sam, mwenye baa, anakwenda kuinyoosha.

Najua utaniambia hao wawili hawakuwa wahusika wakuu. Kweli. Ndiyo maana swali la kumuuliza mleta mada ni hili: hadithi yenu ni ya baba, au ni ya nyumba? Kipindi kinaitwaje?

Mwandishi_wa_Zamu

Jina ni la nyumba. Halimtaji baba.

Lakini Mzee Pazia amenigusa. Nimechukua skripti zote za msimu wa kwanza nikazipitia, kila tukio nikaweka alama kwa anayelianzisha. Karibu kila mahali anayeanzisha ni mtoto au mpangaji: huyu kaleta mchumba, yule kauza kitanda, mwingine kaficha barua. Baba anakuja kukataa. Anayelimaliza ni mama. Sijui hilo linaniambia niendelee au niache.

Mzee_Pazia

Hilo sikulijua. Ulipoandika mwanzo nilielewa kwamba mzee ndiye anaanzisha. Kama ni hivyo, nina la kupunguza katika niliyosema. Mnayo injini, kilichokosekana ni wa kuikataza.

Fundi_Mkasi

Prodyuza akiendelea kung'ang'ania mwigizaji mwingine kwa nafasi ileile, mwambieni amhurumie huyo atakayekuja. Kila atakachofanya kitapimwa kwa marehemu. Phil Hartman, aliyecheza Bill kwenye NewsRadio, kichekesho cha Marekani cha ofisi ya redio, alipouawa Mei 1998, kipindi kilimleta Jon Lovitz, ambaye alikuwa rafiki yake, tena kwa mhusika tofauti. Kwenye hadithi wakasema Bill amefariki kwa moyo, na wenzake ofisini wakasomewa barua alizowaachia. Hata kwa uangalifu huo, msimu ule ndio ukawa wa mwisho. Sasa fikiria mgeni anayevaa shati la marehemu na kusema maneno yake.

Kalamu_Kavu

Mwandishi wa Zamu, hayo uliyoyaandika kuhusu skripti ndiyo niliyokuwa nayasubiri. Sasa mtazame mama.

Mama yenu alikuwa anachekesha kwa kunyamaza. Aliweza kunyamaza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupiga kelele. Baba hayupo, watoto wanaleta vituko vyao, na chumba kizima kinamgeukia yeye. Atalazimika kukataa kwa mdomo wake, na hajawahi. Mara ya kwanza atakataa vibaya. Atakubali jambo ambalo mzee asingelikubali hata kwa dawa. Siku nyingine atajisikia akisema sentensi ya mumewe neno kwa neno, na watoto wote wataganda. Hapo mna kicheko na mna msiba kwa pamoja, na hamkuhitaji kumleta mtu yeyote kutoka nje. Nami nashauri msimlete mtu kwa sehemu kadhaa za mwanzo. Mjomba akiingia sehemu ya pili baada ya mazishi, watazamaji wataona kiti kimejazwa haraka.

Ila yote haya yanasimama kwa dada huyo mmoja, na yeye ndiye aliyesema mfunge. Usimshawishi kwa hoja za kituo. Mpelekee kurasa asome.

Mama_Sebule

Na mpangaji jamani! Yule na baba walikuwa wanagombana kila siku. Nataka kumwona akileta kodi kwa wakati kwa mara ya kwanza, halafu hajui ampe nani.

Mwandishi_wa_Zamu

Mama Sebule, hilo naliiba, na nitalisema wazi kwenye chumba cha waandishi kwamba limetoka kwa mtazamaji.

Nimezungumza na yule dada jana jioni. Sikumwambia tuendelee. Nilimsomea tukio moja tu, lile la mama kukubali jambo kisha kujuta, akaniuliza maswali mengi kuhusu mama anavaa nini siku hiyo na anakaa upande gani wa meza. Amesema atasoma sehemu nzima kabla ya kutoa jibu. Familia ya marehemu tunakwenda kuiona kesho, tukiwa na mwongozaji, na kituo tumekiomba muda. Wakikataa familia, tutarusha zilizorekodiwa kama watakavyoridhia na tutafunga hapo. Wakikubali, tunaanza na mazishi, bila safari na bila mwigizaji wa kubadilisha. Prodyuza bado hajakubaliana nami, ila ameacha kupiga simu kwa watu wa nje.

Mzee Pazia, naomba nikutumie rasimu ya sehemu ya mazishi. Nahitaji mtu atakayeniambia ukweli.

Mzee_Pazia

Tuma. Na usiniwekee hotuba ya mchungaji zaidi ya mistari mitatu.