NO (oksidi ya nitriki) kwenye agoni iliyogandishwa: mikanda ya ziada ya infraredi

Wakuu, NO kwenye agoni 1:200 (molekuli moja ya NO kwa atomu 200 za agoni), dirisha la CsI (iodidi ya sesiamu), 10 K (kelvini). Mbali na mkanda wa NO yenyewe, 1872 cm⁻¹, natokewa na 1866 na 1776. Ni uchafu?

— Sio uchafu, mkuu. Hiyo ni dima, yaani NO mbili zilizoshikana: cis-(NO)₂, oksijeni zote upande mmoja. Zimua hadi 1:1000 na uingize gesi polepole. Ukiharakisha, uso wa agoni iliyoganda hupata joto na molekuli hukutana kabla hazijanaswa. Kuthibitisha: pasha hadi 30 K, rudisha 10 K, pima tena. 1776 ikikua huku 1872 ikishuka, ubishi umekwisha.

— Naongezea: ukitumia ¹⁵NO (yenye nitrojeni nzito), mkanda wa monoma, yaani NO iliyo peke yake, hushuka takriban 33 cm⁻¹. Chungulia pia 1611. Hiyo ni NO₂ (dioksidi ya nitrojeni), hewa imevuja kwenye mirija. Usiichanganye na maji, yaliyo jirani kwenye 1608 na 1624.