Wakuu, nimefunguliwa RB (taarifa ya kesi polisi) kwa "kuiba tovuti" ambayo funguo zake sijawahi kuzishika

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mnivumilie. Mods, tafadhali msiunganishe huu uzi na ule wa "mafundi wa tovuti matapeli".

Jumamosi saa mbili asubuhi niko Sinza kwenye supu yangu, chapati ya kwanza hata sijaimaliza, ujumbe unaingia. Picha ya karatasi ya RB imepigwa juu ya dashibodi ya gari, jina langu limekosewa herufi moja. Chini yake: "Kijana, rudisha tovuti yetu kabla ya saa nane mchana. Tusifikishane pabaya."

Mtumaji ni mzee mmoja mwenye kampuni ya utalii, ofisi Mikocheni. Tovuti yake niliitengeneza 2019 kwa milioni moja na laki mbili. Kianzio laki sita nilikipata siku hiyohiyo, nikamsifia kwa watu. Iliyobaki ilinichukua miezi mitano ya "bosi yuko safari", "mhasibu ameenda kuzika", "njoo Jumatatu". Ilipokuja, ilikuwa imeshakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio. Sawa, sheria ndiyo hiyo, sikatai. Cheti cha zuio kiko wapi? Mpaka leo sijakiona, na bila kile cheti ukienda TRA hiyo hela ni kama niliwachangia harusi.

Tuje kwenye domeini, yaani lile jina la tovuti unaloandika ili ifunguke, maana ndiyo kesi yenyewe. Ilinunuliwa kabla mimi sijafika. "Hiyo ameshaishughulikia mpwa wangu, anajua sana mambo ya kompyuta." Mpwa alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri chuo. Aliinunua kwa kadi yake ya benki, kwa Gmail yake. Mimi nilimtumia anwani za seva kwa WhatsApp, akazibandika mwenyewe, tovuti ikafunguka, tukapigiana makofi. Akaunti ya domeini sijawahi kuingia hata siku moja.

Na nilisema. Meseji ya Septemba 2019 ninayo mpaka leo: "Mzee shikamoo. Naomba domeini ihamishiwe kwenye akaunti ya kampuni, kwa sasa iko kwa kijana." Tiki mbili za bluu. Akajibu kwa kidole gumba.

2022 akanitoa kwenye matunzo. Laki moja na nusu kwa mwaka "ni nyingi kwa kitu ambacho kipo tu". Nikamkabidhi paswedi zote za WordPress (programu inayoendesha tovuti) na za hosti (seva inayoibeba), nikaondoka.

Kwa wasiojua: hosti ni nyumba, domeini ni kiwanja. Umejenga Chanika, umeezeka bati la msauzi, umepiga na geti, halafu karatasi za kiwanja zina jina la mpwa. Na huyo mpwa hakukinunua, amekodi mwaka hadi mwaka. Siku akisahau kulipa, geti lako zuri halikusaidii kitu.

Ndicho kilichotokea. Kadi ya mpwa iliisha muda wake, malipo ya mwaka yakagoma. Hii ni .com, na kanuni za ICANN, wasimamizi wa majina ya tovuti duniani, zinamtaka aliyekuuzia akukumbushe kama mwezi mmoja kabla, kama wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Wamekumbusha zote. Zimeenda kwenye Gmail ambayo mpwa aliacha kuifungua tangu aende kusoma Uturuki. Ule muda wa kulipa kwa bei ya kawaida ukapita. Sasa tuko kwenye siku 30 za ukombozi, na huyu muuzaji anataka dola 80 juu ya ada ya mwaka. Zikiisha kuna siku 5 za kusubiri kufutwa, hapo hata uje na gunia la hela hakuna wa kukusikiliza. Baada ya hapo anayewahi ndiye mwenye nayo. Leo zimebaki siku 11 za ukombozi.

Kibaya zaidi barua pepe zote za ofisi zilikaa juu ya domeini hiyohiyo. Wakala wa Ujerumani ana watu wake 8 wanataka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, anaandika, barua inamrudia. Mwezi wa saba huu, wakuu, msimu wenyewe! Ofisini wiki tatu nzima walikaa kimya wakidhani ni intaneti. Sasa mzee amepagawa, na kwa hilo namwelewa kabisa. Ninachokataa ni kuitwa mwizi.

Najua mtakuja kusema "na nyie mafundi mmezidi". Kweli, na mimi nimewahi kuwa huyo fundi.

2016 nilitengenezea shule moja ya msingi Tabata tovuti, nikasajili domeini kwa jina LANGU, kwa akaunti YANGU, kwa sababu ilikuwa rahisi na mwalimu mkuu hakuwa na kadi ya kulipia mtandaoni. Mwaka wa pili nikayumba kifedha, nikasema nitalipa mwisho wa mwezi. Nikasahau. Nilikuja kukumbuka mwalimu aliponipigia, sauti iko chini kabisa: mzazi amefungua tovuti ya shule amekuta matangazo ya kamari. Watu walishaidaka. Nilienda pale na daladala, nikakaa kwenye kile kiti cha wazazi, nikaomba radhi kama mwanafunzi. Nikawasajilia ya .sc.tz kwa jina la shule, kwa hela yangu. Mwalimu yule hakunitukana hata neno moja, akaniagizia soda. Ingekuwa heri angenitukana.

2018 duka la samani Keko. Themu ya kulipia, yaani muonekano wa tovuti uliotengenezwa tayari, ilikuwa dola 59, mimi nikajifanya mjanja nikapakua ya wizi. Miezi minne baadaye mwenye duka ananiuliza kwa upole, "Mdogo wangu, mbona nikijitafuta Google duka langu limeandikwa Kijapani?" Nikacheka. Nikatafuta mwenyewe. Kweli! Vitanda vya mninga vya Keko vimegeuka mamia ya kurasa za Kijapani zinazouza mabegi na viatu feki. Usiku tatu sikulala. Mlango waliopitia wadukuzi niliukuta kwenye folda ya picha za WordPress: katikati ya picha za makochi kuna faili moja la PHP, yaani la programu, jina lake linafanana na la picha, na kwenye folda ile PHP haina kazi yoyote. Kulifuta hakukusaidia, asubuhi limerudi, maana themu yenyewe ndiyo ilikuwa inalizaa. Ikabidi nifute kila kitu nianze upya, bila bakapu. Tangu hapo folda ya picha naizuia isiendeshe PHP kabisa, na themu nanunua. Mteja asipotaka kulipia, anapewa ya bure ya WordPress wenyewe, na inatosha.

Hayo nayameza, yalikuwa yangu. Ila si kila kitu ni changu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika, nchi nzima intaneti inachechemea, mimi nina simu sita ambazo sijapokea: "Tovuti yako mbovu." Mteja mwingine amenipa logo ndani ya faili la Word, picha zote kazitoa kwenye status ya WhatsApp, halafu analalamika hazionekani vizuri. Mwingine kaweka picha moja ya megabaiti 9 ukurasa wa mbele, anaulizia kwa nini wateja wenye bando la mia tano hawafiki chini. Na wote wimbo ni mmoja, "si ni kawebsite tu, kuna dogo Instagram anafanya kwa laki."

Turudi kwa mzee. Nimeshindwa kukaa tu, zile siku 11 zinaniuma utadhani kampuni ni yangu. Nikawaandikia waliouza domeini. Wanataka kitambulisho cha aliyesajiliwa. Leseni ya biashara na TIN ya kampuni haziwaambii kitu. Nikampigia mpwa Uturuki atume pasi yake ya kusafiria. Kimya. Halafu kwa aibu: "Kaka, kwenye jina niliandika jina langu la kwenye gemu."

Basi iliyobaki ni ile Gmail. Paswedi kasahau. Google wanataka kutuma namba za uthibitisho kwenye laini yake ya zamani ya hapa nyumbani, ambayo hajaiwekea vocha tangu aondoke.

Nikaipiga ile laini. Ikaita! Kapokea mama mmoja, lafudhi ya Kigoma, anasema laini kauziwa mwaka jana. Nikamwambia, "Shikamoo mama, samahani sana, kuna namba sita zitaingia kwenye simu yako sasa hivi, naomba unisomee." Akanyamaza. Akaniuliza, "Wewe si ndio wale wa ile hela tuma kwenye namba hii?" Akakata. Nimejaribu tena, ameshanifungia.

Nimemtumia mzee namba ya yule mama. Ampigie yeye, na RB yake mkononi.