Mjadala: Bima ya gari tununue kwa wakala au moja kwa moja kwenye kampuni?

Ndugu wadau, naleta hapa suala ambalo limetugawa sisi wenye magari wa mtaa wetu huku Tabata, Dar es Salaam. Upande mmoja unasema kwamba mtu akiwa na simu na kadi ya gari hana tena sababu ya kumpitia wakala wa bima, kwa kuwa wakala hula kamisheni inayotoka kwenye ada tunayolipa sisi. Upande wa pili unasema kwamba bima haipimwi siku ya kuinunua bali siku ya ajali, na siku hiyo aliyenunua peke yake hudai peke yake. Mimi niko karibu zaidi na upande wa pili, ingawa si kwa kila aina ya bima.

Bima ndogo, ile inayolipa hasara ya mtu wa tatu tu, haihitaji maneno mengi. Kwa gari dogo la binafsi tumezoea kulipa shilingi 118,000, yaani ada ya 100,000 na VAT ya asilimia 18 juu yake, na ada hiyo ni ile ile ukilipia kwenye kibanda kando ya sheli, ukipanda ghorofani Posta kwenye ofisi za kampuni, au ukilipia kwa simu ukiwa kwenye foleni ya Buguruni. Kamisheni ambayo wakala hakuipata hubaki kwa kampuni, hairudi mfukoni mwako. Kwa hiyo anayenunua bima ndogo moja kwa moja anaokoa muda tu, na kama muda ndio anaoutaka, sioni sababu ya kumzuia.

Bima kubwa, inayolipa pia hasara ya gari lako mwenyewe, ni habari nyingine, kwa sababu ada yake hutokana na thamani ya gari, na thamani hiyo unaitaja wewe. Chukua gari lililoandikishwa kwa shilingi milioni 20 kwa kiwango cha asilimia 3.5: ada ni 700,000, na pamoja na VAT inafika 826,000. Gari hilo hilo ukiliandikisha kwa milioni 14, utalipa 578,200. Mtu aliye peke yake na simu yake usiku huona ameokoa karibu robo milioni, wala hakuna anayemwambia kwamba gari likiibiwa kampuni haitamlipa zaidi ya hiyo milioni 14 aliyoiandika mwenyewe. Kuna na kosa la upande wa pili: ukiandika milioni 26 ili ulipwe zaidi, kampuni italipa bei ya soko ya siku ile, na ada ya ziada umeitupa. Nakiri kwamba wakala naye ana maslahi hapa, kwani kamisheni yake hupanda thamani inapopanda. Ndiyo maana nashauri mtu apite kwanza kwenye yadi mbili tatu, aulize bei ya gari kama lake, ndipo amwendee wakala akiwa na bei yake kichwani.

Swali linaloumiza watu zaidi, hata hivyo, ni la matumizi, na hapa nazungumza kwa niliyoyapata. Miaka miwili iliyopita nilinunua bima kubwa ya IST yangu kwa simu, moja kwa moja kwenye kampuni. Fomu iliuliza matumizi ya gari, nikachagua "binafsi", nikaendelea. Ni kweli gari lilikuwa la binafsi mchana. Jioni mdogo wangu alilitumia kwa teksi mtandao. Akagonga nguzo Kimara akiwa na abiria, na abiria huyo akaandikwa kwenye ripoti ya polisi. Mkaguzi wa kampuni alipofika gereji hakuanza na boneti iliyokunjamana. Alifungua mlango wa dereva, akapiga picha kishikio cha simu kilichobandikwa kwenye dashibodi, kisha akaniuliza kwa upole sana ni nani hubeba abiria na gari hili. Madai yalikataliwa, na boneti na taa nilizinunua mwenyewe mtaa wa Gerezani, vipuri vilivyotumika. Siilaumu kampuni, kwa sababu aliyechagua neno lile ni mimi. Lakini wakala ninayemtumia sasa, mama mmoja wa Temeke, kabla hajaandika chochote aliniuliza nani huendesha, saa ngapi, na kama kuna anayelipa nauli. Maswali hayo matatu yalinipandishia ada, na kwangu ndiyo yanayohalalisha kamisheni yake.

Tusichanganye pia wakala na dalali wa bima, jambo ambalo naona wengi wanalifanya. Wakala anaiwakilisha kampuni, na dalali anakuwakilisha wewe mteja, anapaswa kukutafutia miongoni mwa kampuni kadhaa. Wazee wetu hawakuwa na shida hii, maana tangu mwaka 1967 hadi soko lilipofunguliwa mwaka 1996 huku Bara duka lilikuwa moja tu, Shirika la Bima la Taifa.

Mdau mmoja amenijibu hivi, nami naliweka jibu lake kwa sababu lina uzito:

"Ndugu mtoa mada, maswali ya huyo mama ni mazuri, lakini mimi nililipa fedha taslimu kwa mtu aliyejiita wakala, akanipa stika na karatasi yenye nembo. Mwezi wa tatu trafiki akanisimamisha Mbagala, akaangalia kwenye simu yake, akaniambia gari halina bima. Yule mtu namba yake haipatikani hadi leo. Kwa kampuni nisingekutana na hayo."

Pole sana, ndugu yangu, na hoja yako siipuuzi. Hata hivyo, kilichokuponza ni fedha taslimu kuingia mikononi mwa mtu, na hilo linaweza kutenganishwa na ushauri wake. Wakala halali ana leseni ya TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na hachukii ukiomba kuiona. Malipo yaende kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la kampuni. Kabla hujanyanyuka kwenye kiti, fungua mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima, ingiza namba ya usajili au ya stika, na usome mwenyewe jina la kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na hata aliyenunua moja kwa moja anapaswa kuifanya. Na kampuni ikikuzungusha kwenye madai, iwe ulipitia wakala au hukupitia, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo, na malalamiko unaweza kuyapeleka wewe mwenyewe.

Upande wa kwanza, wa wanaonunua moja kwa moja, umebakiwa na hoja moja ambayo sijaweza kuijibu. Wanasema kwamba kama kamisheni ni malipo ya ushauri, basi iandikwe kwenye risiti kwa shilingi, kama VAT inavyoandikwa, ili aliyepata ushauri aone ameulipia kiasi gani, na aliyepewa stika tu bila kuulizwa hata swali moja aone pia. Nilipomuuliza yule mama wa Temeke alicheka, akasema yeye hana tatizo, lakini wenzake wa vibandani watakuwa nalo. Mawakala mlio humu, mnasemaje: mngekubali iandikwe?