Naombeni ushauri: mchezo wa redio wa barua za mtunzi wa nyimbo na mumewe wa manowari, Uingereza ya Malkia Victoria

Bint Chumbageni
Habari za jioni wana jukwaa. Nimekwama, nisaidieni.

Kikundi chetu kinaandaa mchezo wa redio wa sauti mbili, mke na mume. Hawakutani hata mara moja, ni barua tupu mwanzo mwisho. Nimeuweka Uingereza enzi za Malkia Victoria kwa sababu nilinaswa na habari za Helen Dufferin, mjukuu wa Sheridan yule mwandishi wa tamthilia. Aliolewa mwaka 1825 na Price Blackwood, ofisa wa jeshi la majini. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee huko Florence, na haikupita miaka mingi baba akakabidhiwa manowari Imogene, akatokomea mashariki. Mwaka 1834 alikuwa akipigana mizinga kwenye mto wa Canton, China. Bibi huku nyumbani anatunga nyimbo. Na mwisho wa yule bwana sasa: bahari zote hizo zilimwacha salama, akaja kufia melini mwaka 1841 kati ya Liverpool na Belfast, kwa kuzidisha morfini kimakosa.

Sitaki kuandika maisha yao. Wangu nimewabuni, Alice na Edmund. Nimeshaandika barua tisa. Mwelekezi wetu kazisoma, akaniambia: "Mke analia kuanzia ya kwanza hadi ya tisa, msikilizaji atazima redio kwenye ya tatu." Nilinuna siku mbili, kisha nikazisoma upya. Ana haki.

Sasa Alice aseme nini kama halii? Barua zilichukua muda gani? Na zile salamu zetu za "hofu na mashaka ni juu yako", nimvishe Mwingereza au nitachekwa?

Kidagaa
Kumbe hata Wazungu walikuwa na "mteja unayempigia hapatikani kwa sasa" 😂 Naweka kiti hapa.

Kasha la Mvule
Dada, nitakujibu kwa ya nyumbani kwetu. Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, sisi tuko Mombasa. Mama alipofariki tulikuta barua zao kwenye kasha, na kila moja ina namba juu, pembeni. Kumbe walikubaliana, kwa sababu ya saba ilikuwa inafika kabla ya ya tano, na baba anajibu jambo ambalo mama ameshalisahau. Kuna moja baba anamwomba radhi kwa ugomvi ambao mama alishausamehe barua mbili nyuma, lakini ule msamaha ulikuwa bado uko njiani. Anaomba, anaomba, ukurasa mzima.

Na mama halii humo. Bati linavuja. Mtoto wako kang'oka jino, kalimeza. Fulani kakopa dukani kwa jina lako. Kilio kiko nusu mstari mwishoni, tena kimefutwafutwa. Alice wako ana bati gani linalovuja?

Mzee wa Stempu
Swali la muda, binti. Inategemea mwaka, kwa hiyo chagua mwaka kwanza ndipo uandike.

Kabla ya 1840 gharama ilihesabiwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi alilipa anayepokea. Ndiyo maana hawakupenda bahasha, maana nayo ilihesabiwa kama karatasi. Walikunja barua yenyewe na kuigonga lakiri. Ukurasa ukijaa waliuzungusha wakaandika tena kwa kukatisha juu ya maandishi yale yale, ukiuona utadhani wavu wa samaki. Askari na mabaharia wa kawaida waliruhusiwa kutuma kwa peni moja tangu 1795, lakini Edmund ni ofisa, hahusiki. Mwaka 1840 ikaja posta ya peni moja kwa Uingereza nzima, pamoja na stempu ile nyeusi yenye kichwa cha Malkia. Barua za ng'ambo ziliendelea kuwa ghali.

Muda sasa. Kwa tanga kuizunguka Afrika hadi China, hesabu kama miezi minne kwenda, mingine kurudi. Kuanzia miaka ya 1840 barua za India zilipita Misri: meli hadi Alexandria, nchi kavu hadi Suez, meli tena. Hapo ni wiki tano au sita. Lakini manowari haikai bandarini kuisubiri barua. Barua inaweza kufika Malta ikakuta manowari imeondoka, ikaanza kuifukuza bandari hadi bandari.

Ukivuka 1870 umeharibu mchezo. Mwaka huo waya wa telegramu ulipita chini ya bahari hadi Bombay, na mwenye pesa au mwenye dharura akajibiwa kwa siku, si kwa miezi.

Wakili wa Kijiweni
Kasha la Mvule kauliza bati linalovuja. Mimi ninalo: pesa ya nyimbo ni ya nani?

Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mwanamke akishaolewa hakuwa na uwezo wa kufunga mkataba kwa jina lake, na alichochuma kilikuwa cha mume. Mfano uko nyumba ile ile uliyoitaja. Caroline Norton, mdogo wake Helen, naye alikuwa mwandishi na mtunzi wa nyimbo. Alitengana na mumewe mwaka 1836, lakini kutengana hakukumtoa kwenye ndoa. Mwaka 1853 walifikishana mahakamani kwa mambo ya pesa, na mume akatafuta hadi hesabu za wachapishaji wake ili ijulikane anapata kiasi gani. Na ni mwaka huo huo wimbo wake "Juanita" ulipotoka! Mama akaandika vijitabu vya kuishutumu sheria, kimoja akamwelekezea Malkia moja kwa moja, mwaka 1855.

Sheria ilikuja kugeuka 1870: mshahara wa mke, na pesa aliyoipata kwa kipaji chake cha uandishi au sanaa, vikawa vyake. Mwaka ule ule wa waya wa Mzee wa Stempu. Kwa hiyo weka mchezo wako miaka ya 1850. Mchapishaji anautaka wimbo, anataka na saini ya Edmund, na Edmund yuko anakojua Mungu.

Bint Chumbageni
Wakili, umenitoa usingizini. Ila si nasikia wachapishaji waliwalipa wanawake bila ya habari ya mume?

Wakili wa Kijiweni
Waliwalipa, sana tu. Hawa dada wawili wenyewe walishauza nyimbo zao wakiwa mabibi wa watu. Lakini mume akiamua kudai, sheria iko upande wake. Hapo ndipo pa kukalia: Edmund si mbaya, Alice anamwamini, na bado anaandika barua ya kuomba ruhusa ya kilicho chake. Msikilizaji wa kike wa Tanga atakaa wima kwenye kiti.

Mama Kwaya
Wanaume mmeongea posta na sheria, wimbo wenyewe hamjaugusa.

Nyimbo hizo ziliuzwa kama karatasi za nota, za kupigwa piano sebuleni. Kulikuwa na Charlotte Barnard, aliyejificha nyuma ya jina la Claribel. Nyimbo zake zilienea mno miaka ya 1860, naye akapata mrabaha kwa nakala zilizouzwa. Maana yake ni nini? Karatasi ya nota inasafiri. Haisubiri anwani.

Sasa fikiria: Edmund yuko Malta, kaalikwa chakula cha jioni, mke wa mwenyeji anakaa kwenye piano. Anaimba. Beti ya pili ina maneno ambayo Edmund aliyaandika kwenye barua, ya siri yao wawili. Barua ya Alice ya kumweleza bado iko njiani. Atajisikiaje? Ataona fahari, au ataona kavuliwa nguo mbele za watu? Mimi sijui, na ndiyo maana ningesikiliza.

Kasha la Mvule
Mama Kwaya 🙌

Nahodha Mstaafu
Kuhusu salamu, mimi napinga. Usimvishe mama wa Kizungu "mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu". Tutamsikia binti wa shule ya bweni miaka ya themanini.

Mama Kwaya
Nahodha, mchezo ni wa Kiswahili, unasikilizwa na Waswahili. Waingereza nao walikuwa na salamu zao za kukariri. Shida ni kuzirudia kila barua. Mpe mara moja, barua ya kwanza, wakati bado wanaoneana haya. Baadaye ziyeyuke zenyewe. Siku moja akikasirika zirudi zote, kamili, na msikilizaji atajua kuna jambo kabla hajaambiwa.

Bint Chumbageni
Nimefuta zote tisa. Hii nimeandika usiku wa jana, 1854:

"Namba 12. Edmund, fundi wa piano kaja, anasema panya wamekula ngozi za nyundo, kwa hiyo kuanzia wiki hii nyumba yako haina sauti ya fa. Natunga kwa kuiruka. Bwana wa nyimbo kaandika tena, anauliza kama umejibu. Nimemwambia upepo si mzuri. Henry ameanza kuandika H, anaiandika ukutani. Sijaifuta, nataka uione. Lile neno uliloniambia gatini nimelitumia. Utanisamehe ukishalisikia, au ukishalisoma, sijui kipi kitatangulia."

Nahodha Mstaafu
Hapo sawa. Ila namba 11 iko wapi? Tumetoka wapi hadi kwa fundi wa piano?

Bint Chumbageni
Namba 11 ndiyo aliyoombea ruhusa, Nahodha. Inafika baada ya Malta.