Mnaochekelea Quiznos kufa, hivi mnajua ile hela ya sandwichi ilikuwa inaliwa na nani??

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo atakayeona koma haipo aweke mwenyewe.

Tangu juzi kwenye grupu letu la Waswahili wa Denver na Aurora kuna picha inazunguka, bango la zamani la Quiznos, wale wauza sandwichi za mkate wa kuoka, limepauka, herufi mbili zimedondoka, chini vioo vimezibwa na makaratasi ya kahawia. Na chini ya picha ni vicheko tu. Mmoja anasema afadhali, vipande vitatu vya bata mzinga wanauza kama wanauza bata mzima. Mwingine anasema hela hiyo yeye anakula zege na kuku na soda na chenji inabaki ya nauli. Sawa, nimecheka. Halafu akatokea mtu mzima kabisa, ana wajukuu, kaandika wale wenye maduka walikuwa wezi na Mungu kawaumbua.

Hapo kwenye wezi ndipo mliponitibua.

Bei ilikuwa ya kuruka, hilo sibishi. Unaingia na njaa unatoka na kimkate kimefungwa karatasi, hela imeondoka na njaa bado ipo inakuangalia. Lakini mtu akikuuzia kitu ghali haina maana kwamba hela imebaki mfukoni mwake, na hili jambo dogo naona grupu zima la watu wanaoendesha magari na kulipa kodi za nyumba limewashinda kuelewa.

Huyu mnayemzika (na hajazikwa kabisa, kuna maduka machache bado yanapumua) ni mtoto wa hapahapa Denver, alizaliwa 1981. Mkate unapitishwa kwenye oveni, jibini inayeyuka, unatoka umekaukia juu, ndani laini, na kipindi hicho Subway, washindani wao wa sandwichi, wanakupa mkate wa baridi, kwa hiyo watu wakapapenda kweli. 1991 kampuni ikanunuliwa na Rick Schaden pamoja na baba yake, na huyu Rick kabla ya hapo alikuwa mwenye duka la Quiznos yeye mwenyewe, alishasimama kaunta, anajua joto la ile oveni. Hilo liwekeni akilini. Kufika 2007 maduka yanakaribia 5,000. Wenye umri wetu mtakumbuka lile tangazo la 2004 la wale viumbe kama panya, macho yamewatoka, wanapiga gitaa na kupiga kelele, mdogo wangu alikuwa anazima tivii kwa woga.

Sasa rukeni mpaka Machi 2014, kampuni inaingia mahakamani Delaware kuomba kinga ya kufilisika. Maduka yamebaki kama 2,100 dunia nzima. Na kati ya hayo yote kampuni yenyewe ilikuwa inamiliki mangapi?

Saba.

Saba jamani. Vidole vya mkono mmoja ongeza viwili. Yaani watu wanaouza biashara ya sandwichi kwa dunia nzima, wanakwambia hii ni dhahabu ndugu yangu leta akiba yako, wao wenyewe dhahabu hiyo wana vipande saba. Mama ntilie anayewapakulia wateja pilau halafu yeye mchana anaagiza ugali kwa jirani, wewe utakula pale?

Mengine yote yalikuwa ya watu. Walimu wastaafu, Wahindi, Wakorea, Wahabeshi, Waswahili wachache, watu waliokodi jina. Unalipa kiingilio, unajenga duka kwa hela yako au kwa mkopo uliowekea nyumba rehani, halafu mrabaha (fungu la wenye jina) unakatwa kwenye mauzo, SIO kwenye faida. Umeuza, wanakata. Umepata hasara, wanakata. Ongeza mchango wa matangazo (wale panya wenye gitaa mlidhani nani aliwalipa).

Ila mrabaha ni cha mtoto. Kisu chenyewe kilikuwa kwenye mzigo. Nyama, mkate, jibini, sosi, karatasi za kufungia, vyote unanunua kupitia kampuni zenye undugu na haohao waliokukodisha jina, kwa bei wanayopanga wao. Wenye maduka walikwenda mahakamani kwa hilihili, wakidai wanalazimishwa kununua kwa bei iliyovimbishwa, na kesi ikaishia kwenye maelewano ya kulipana.

Ngoja niiweke kwa lugha ya nyumbani maana naona mnasoma haraka haraka. Wewe ni dereva wa daladala. Jioni unapeleka hesabu kwa tajiri, haijalishi umepata abiria au mvua imenyesha siku nzima. Hiyo tumeizoea. Sasa tajiri anakwambia gari ununue wewe, rangi ninayotaka mimi, na mafuta ujaze kwenye sheli yangu tu, tairi duka langu, hata ile sabuni ya kuoshea gari kwangu, na bei ya mafuta napanga mimi usiku ukiwa umelala. Abiria anapanda anaona nauli imepanda, anamtukana nani? Konda!! Anamtukana konda kwa sababu ndiye anayemuona, na tajiri yuko nyumbani anahesabu hela ya mafuta, kwake daladala ijae isijae ni yaleyale, mradi inawaka.

Nyinyi kwenye lile grupu mnatukana konda.

Sasa mtaniuliza kinakuwasha nini. Mjomba wangu alikuwa na duka la sandwichi. Sio Quiznos, ni kampuni nyingine na jina silitaji, mawakili wao wana muda mwingi kuliko mimi. Aliendesha teksi ya uwanja wa ndege miaka mingi, akakusanya, akaongeza mkopo, akakodi jina. Mimi nilikuwa natoka shule naenda kufanya kazi pale bila mshahara, mnajua kazi za mjomba, unalipwa kwa kula.

Na hata kula kwenyewe kulikuwa na mzani. Nauona mpaka leo, kimzani cheupe cha betri, juu yake tunaweka karatasi ya mafuta, nyama inawekwa kipande kipande mpaka namba ifike palepale. Ikizidi unarudisha. Nimeshamuona mjomba wangu, mtu anayechinja mbuzi mzima Idi na kugawa mpaka kwa majirani wasiomsalimia, anachana kipande cha bata mzinga kwa kidole nusu yake anairudisha kwenye kontena, na mteja yuko upande wa pili wa kioo anatazama. Yule mteja aliondoka akijua mwenye duka ni bahili. Mjomba hakuwa bahili, mjomba alikuwa na boksi la nyama alilouziwa kwa bei ambayo duka la jumla ng'ambo ya barabara, NG'AMBO YA BARABARA wakuu, mnaliona kupitia dirishani, nyama ya aina hiyohiyo ilikuwa chini kabisa na haruhusiwi kuigusa.

Siku moja tishu ziliisha, lori la mzigo halijafika, akanituma hapo ng'ambo nikanunue za kuvukia siku mbili. Bahati mbaya ndiyo wiki mkaguzi alikuja. Kijana mdogo, shati limenyooka, ana kipimajoto mfukoni kama daktari. Akapima nyama, akapima supu, vyote sawa, sakafu inang'aa, akafungua kabati akakuta zile tishu. Akazipiga picha. Tishu wakuu! Wiki iliyofuata ikaja barua ya onyo kwamba amevunja mkataba na akirudia anaweza kunyang'anywa duka. Mjomba aliisoma amesimama, akaikunja nne, akaiweka chini ya droo ya hela, akaendelea kukata nyanya. Hakusema kitu mpaka usiku.

Halafu kuponi. Makao makuu wanaamua huko kwao wiki hii wateja wapewe punguzo, nusu bei, wanachapisha magazetini, sifa wanachukua wao. Mkate ni wa nani? Wa mjomba. Kuna bibi mmoja alikuwa anakuja na kuponi nne kazikata vizuri na mkasi, mpole, anatuuliza habari za shule, na kila nikimuona anashuka kwenye gari natazama uso wa mjomba unavyokunjamana, maana kila kuponi pale ni hasara mkononi. Msidhani ni huko kwetu tu. Quiznos wenyewe mwanzoni mwa 2009 walitangaza kugawa sandwichi milioni moja bure, watu wakachapisha kuponi kwa furaha, wakafika dukani wakakuta maduka mengi hayazipokei, kwa sababu gharama ilikuwa inawaangukia wenye maduka. Na ugomvi wote ulitokea wapi? Kaunta. Mteja mwenye njaa anamfokea mtu mwenye deni, na aliyetoa ahadi hayupo hapo.

Kuna wanaosema kilichowaua ni bei na uchumi wa 2008. Ndiyo, ulichangia, Subway nao walishaleta oveni zao na mwaka huo wakaja na sandwichi ya futi nzima kwa dola 5, mtu akapiga hesabu akahama. Lakini kama bei ndogo ndiyo dawa mbona Subway na wao wanapukutika? 2015 walikuwa na maduka zaidi ya 27,000 Marekani, leo hayafiki 20,000, na mwishoni mwa 2017 mamia ya wenye maduka wao walisaini kupinga ofa ya dola 4.99 kwa sababu ilikuwa inawamaliza. Ghali, mwenye duka analia. Rahisi, mwenye duka analia. Kwa hiyo tatizo labda haliko kwenye bei iliyoandikwa ukutani eeh?

Na wala msiniambie kampuni ilikula ikashiba. 2006 waliingia wakubwa zaidi, tawi la uwekezaji la JPMorgan, benki kubwa ya Marekani, wakachukua karibu nusu ya kampuni, na deni likapandishwa juu ya kampuni hiyohiyo iliyonunuliwa. Huko kwetu tunaita kausha damu, hapa wanavaa suti. Deni linataka kulipwa kila mwezi, linalipwa na nini? Na boksi la nyama, na karatasi, na sosi. Wanaongeza bei ya mzigo, konda anapandisha nauli, abiria anashuka, duka linafunga, lililobaki linakamuliwa zaidi. Walipofika mahakamani 2014 mpango wenyewe ulikuwa kufuta zaidi ya dola milioni 400 za deni. Kampuni ikafutiwa, ikatoka miezi michache baadaye ikiwa imejinyoosha. Mwalimu mstaafu aliyewekea nyumba yake rehani yeye nani alimfutia?

"Mkataba alisaini mwenyewe, hakulazimishwa." Nilijua mtaandika hii, na mmeiandika kabla hata sijamaliza uzi. Ndiyo, mjomba alisaini. Mkataba ule ulikuwa mnene kama kitabu cha simu, kwa Kiingereza cha mawakili, kasomewa na kijana mwenye tabasamu aliyempigia simu kila siku wiki tatu kama mchumba. Alikosea, hata yeye anasema alikosea. Lakini mtu aliyetapeliwa mkimwita mwizi, aliyetapeli tumwiteje, mwekezaji?

Mjomba alifunga duka mwezi wa pili theluji imejaa mpaka mlangoni. Siku ya mwisho aliuza sandwichi sita. Ile oveni kubwa ya mkanda alimuuzia jamaa mmoja wa piza kwa hela ambayo sitaitaja hapa maana atasoma. Mkopo aliendelea kuulipa miaka, yuko kwenye lori, analisha familia kwa usukani kama alivyoanza. Na siku ya kwanza aliporudi barabarani nilimuuliza utakula nini njiani, akacheka peke yake, akanionyesha chapati mbili kwenye foili.

Basi yule mzee wa grupu mwenye wajukuu, shikamoo, kwa heshima zote, ulichoandika kifute.

NIMEONGEZA: kuna mdau yuko Dar kaniandikia pembeni, anaombwa hela za kukodi jina la kampuni ya nje ya mambo ya kuku na mikate, anauliza aingie au asiingie. Mkuu mimi sio mshauri wa biashara. Waulize wao wenyewe wana maduka mangapi wanayoendesha kwa hela yao, na mzigo utanunua kwa nani na bei anapanga nani, na omba namba za simu za waliofunga, sio za waliofungua. Wakianza kukuonyesha video, ondoka.

NIMEONGEZA TENA: mjomba kauona uzi. Hajakasirika. Anasema nimekosea, siku ya mwisho zilikuwa sandwichi tano, ya sita nilikula mimi. Na anasema kwa kuwa watu ni wengi humu niwaambie ile mashine ya kukatia nyama bado ipo gereji, nzima kabisa, alilazimishwa kuinunua mpya. Bei maelewano.