Wewe uliyebadilisha stesheni kengele ishalia, sikusamehe

Naandika mkono bado unatetemeka. Jina silitaji, mtu yeyote wa Majengo anamjua: yule mwenye banda la kuonyesha mpira, mwenye rimoti iliyozungushwa selotepu mpaka vitufe havisomeki, na bado hamwachii mtu aishike.

Leo kanitoa roho. Fainali ya mita 800 wanawake, mashindano ya dunia ya riadha 2025 kule Tokyo, saa saba u nusu na ushei. Kengele imelia, wanaingia mzunguko wa mwisho, mimi niko juu ya benchi, koo limekauka. Mara, pap! Roma na Lazio. Mpira ndio kwanza umeanza, wachezaji hata jasho hawajatoka! Nageuka namwona kakaa mguu juu ya mguu, anatafuna kachri za muhogo. Namwambia, "Kaka, dakika moja tu." Ati: "Hao wanakimbia tu, utawaona kwa simu. Hapa watu wana mikeka ya kubeti."

Wanakimbia tu!

Matokeo nimeyajua kwa vigelegele vya saluni ya jirani. Lilian Odira, askari jela, mama wa watoto wawili, 1:54.62, kavunja rekodi ya mashindano iliyokaa tangu 1983. Rekodi imengoja miaka 42, mwenye banda kashindwa kungoja dakika moja. Dhahabu ya saba ya Kenya, na mimi nimeipokea kupitia ukuta wa mabati.

Na jana nilikuwa humo humo! Chebet na Kipyegon wa kwanza na wa pili mita 5000, kisha Wanyonyi dhahabu ya mita 800 wanaume, 1:41.86, na mwenye banda huyo huyo alirukaruka mpaka chai ikamwagikia kanzu ya mzee wa watu. Usiku nikakaa tena, Man United na Chelsea kule Old Trafford, kipa wa Chelsea kala kadi nyekundu dakika ya tano. Leo asubuhi nimerudi kwa marathoni ya Berlin, Sawe kamaliza 2:02:16, mimi sijatia kitu tumboni. Kiingilio hamsini jana, hamsini leo. Halafu kengele ishalia, ishalia jamani, ananiambia wanakimbia tu.

Nataka hamsini yangu.

Kijana wa Kibokoni: Huyo namjua wallahi. Fainali ya Euro 2024 alizima runinga Palmer wa England kasawazisha tu, ati tuchange ya jenereta kwanza.

Bin Tamim: Pole yakhe. Lakini juu ya benchi ulipanda kufanya nini? Mimi nilikuwa nyuma yako, nimetazama kisogo chako tangu kengele ya kwanza.

Mwenye uzi: Kengele ya kwanza haipo, kengele ni moja, na ilikuwa ISHALIA!

Mkeka Mzito: Mimi ndiye niliyeomba Roma iwekwe. Roma kashinda moja bila. Samahani lakini si sana.

Mamake Swafiya: Nyinyi wanaume mna pesa za banda, nyumbani mnaulizia mboga. Hiyo saluni ni yangu, tulitazama kwa simu ya mteja, rangi ya nywele ikamkaukia kichwani hatukujali. Mlango ulikuwa wazi, baba. Ungeingia tu.

Mwenye uzi: Dada usiniongezee uchungu.

Kijana wa Kibokoni: Na viazi karai vyake vimepanda bei tena, mmeona? Ukwaju ni maji matupu.

Baharia wa Likoni: Afadhali nyinyi mna banda. Mimi feri imenikwamisha nusu saa kule ng'ambo, nimefika mbio za Berlin zimekwisha.

Bin Tamim: Ukwaju hauna shida, shida ni ile pilipili. Imekaa tangu Ramadhani.

Mzee wa Makadara: Kanzu iliyomwagiwa chai jana ni yangu. Nangoja kulipiwa dobi.

Mkeka Mzito: Haaland wa Man City kapachika dakika ya tisa, Arsenal wameanza yao. Nani anakuja nimshikie kiti?

Kijana wa Kibokoni: Martinelliiiii! Dakika za nyongeza! Moja moja! Mkeka uko wapi?

Mkeka Mzito: Usiniseme.

Mamake Swafiya: Hiyo pilipili ni ya kwangu, Bin Tamim, na haijakaa hata wiki mbili. Njoo useme hapa mlangoni.